Mashimo ya Safina

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu watu wakipima mwamba mlimani, wakisema hapo ndipo ilipotua Safina ya Nuhu. Mimi nikanusa mtama uliosagwa.

Nilipokuwa mtoto, mwamba wetu kule Kuluba ulikuwa na mashimo saba, nilihesabu mara mbili. Unga ulikuwa umepotea madukani, kwa hiyo wanawake walisagia pale. Alasiri moja katekista alikuja, akatia mkono ndani ya shimo, akafumba macho.

“Safina ilikaa hapa,” alisema. “Mama, kuanzia leo musisage tena. Hii iko ushahidi.”

Bibi yangu hakusimamisha mikono. Jiwe lake liliguna polepole, mbele na nyuma.

“Mwalimu, watoto watakula ushahidi?”

“Basi niachie tano.”

“Moja.”

“Nne, mama. Ni kitu ya Mungu.”

“Mbili. Na ya kwangu usiguse.”

Akampa yale mawili yenye kina kirefu, yasiyofaa tena kusagia. Katekista aliyazungushia kokoto kwa heshima, akaondoka ameridhika.

“Bibi, nani alichimba yale?” niliuliza.

“Hakuna mutu alichimba. Mama yangu alisaga pale mpaka yakaingia chini.”

Leo najua mikono hula jiwe. Siku ile niliwaza tu kwamba mama yake sikuwahi kumwona, na kama alikuwa pale Safina ilipotua, basi nimeshajua alikokwenda.

“Kumbe alipanda Safina?”

Bibi alikung'uta unga viganjani. “Angepanda saa ngapi? Alikuwa anasaga.”