Wafalme wa Hangaria na Kaburi la Baba

Niliporudi kutoka mafunzo ya ufundi Hangaria, baraza ya nyumba yetu ya Msimbazi ikawa yangu. Kila jioni wanywa kahawa walitaka niwapeleke tena kwenye ule mji wa kale ambao jina lake mpaka leo linanishinda kutamka, mji walikotawazwa wafalme na kuzikwa. Kanisa lao kuu limebaki misingi tu, lakini kila jiwe linatunzwa, na mwenyeji wangu alijua nani amelala wapi. Niliwaeleza nilivyonunua maua nikayaweka kwenye jeneza la mawe la mfalme, kofia mkononi. Hata foleni ya sukari waliisahau.

Jioni moja shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amefika kutoka Lindi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mungu akuzidishie, mwanangu, kwa kuheshimu wafu wa watu. Kesho nipeleke kwa kaka yangu nikamwombee dua. Msiba ulipotokea sikuwahi kufika."

Baba nilimzika wiki moja kabla ya kupanda ndege, na kijiti cha alama kichwani pa kaburi nilikichomeka mwenyewe. Tangu nirudi sikuwa nimekanyaga makaburini Kisutu, na Kisutu kwetu ni mwendo wa miguu tu.

Asubuhi alipitia sokoni Kariakoo akanunua fungu la mrehani. Chupa ya maji alikuwa nayo. Nikatangulia kama mtu anayejua aendako. Makaburi yalikuwa yamebanana, majani hadi magotini. Nilikumbuka ukuta, lakini ukuta ulikuwa mrefu. Nilikumbuka mwarobaini, na miarobaini ilikuwa mingi. Kijiti changu, nadhani, mchwa walishakila. Nikazunguka, yeye nyuma yangu na mrehani wake, haulizi kitu. Ningeweza kumwonyesha kaburi lolote. Shetani alininong'oneza hivyo, lakini mdomo ulikataa.

"Shangazi, silijui."

Shangazi akaipita safu nzima ya ukutani, akidondosha majani hapa, maji pale, akiwaombea wote. Nilitamani anitukane, niwe nimelipa. Aliporudi, mrehani ulikuwa umekwisha.

"Huko Ulaya, makaburi ulionyeshwa na nani?"

"Na mwenyeji wangu."

"Mh," alisema, akijitanda kanga yake vizuri. "Mie nilidhani hapa mwenyeji ni wewe."