Kompyuta ya Philomena Iliyoamka Mwaka 1980

Philomena Magabe alizaliwa Nyansurura, akasomea uchapaji Musoma, na kwa miaka kumi na miwili alipiga taipu katika ofisi ya misheni karibu na Mugumu. Alikuwa na vidole vyepesi na imani kubwa kwa maandishi. Jambo likishachapwa, kwake lilikuwa limekwisha kuwa kweli.

Mwaka 1996 misheni ikaletewa kompyuta yake ya kwanza, ya msaada, iliyokwisha kutumika kwingine. Mkufunzi aliyekuja nayo alimwambia Philomena apeleke mausi juu. Philomena akaiinua mausi mpaka usawa wa paji la uso, akasubiri. Mkufunzi naye akasubiri.

Lakini alijifunza. Misheni iliponunua laptop, ile ya zamani wakampa yeye pamoja na printa yake, akafungua kibanda jirani na soko la Mugumu. Alichapa barua, maombi ya kazi na kadi za harusi. Wenzake walihama kutoka disketi kwenda sidii, kutoka sidii kwenda flashi, kutoka flashi kwenda simu. Yeye alibaki na disketi zake kwenye kopo la biskuti. Barua zake zote zilikuwa na mpangilio mmoja, tarehe ikijiandika yenyewe kwenye kona ya kulia, na baada ya miaka mingi macho yake hayakwenda tena upande ule.

Siku moja akaja Mzee Waitara wa Nyansurura. Jirani yake alikuwa ameziba kwa uzio njia ya ng'ombe kwenda kisimani. Philomena akamchapia malalamiko, na Jumatatu mzee akayapeleka ofisi ya wilaya kwa mkono wake.

Alhamisi yake afisa mmoja, Kornelio, alishuka kwenye bodaboda mbele ya boma la mzee, amevaa koti, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa kuomba radhi."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Barua yako. Tumeikalia miaka arobaini na mitano."

Waitara akafikiri kidogo. "Ni kweli," akasema. "Mmechelewa."

Uzio uling'olewa mchana ule ule.

Habari zikasambaa. Barua ya wiki iliyopita huwekwa chini ya nyingine na kusahaulika. Barua ya mwaka 1980 inatisha, maana siku moja mkaguzi anaweza kuuliza ilikuwa wapi. Watu wakaanza kuja kwa Philomena kutoka Natta, kisha kutoka Tarime. Kezia, mwalimu wa Matongo mwenye miaka thelathini na miwili, alichapiwa ombi la uhamisho ili amfuate mumewe Sirari. Afisa aliyelipokea aliitazama tarehe, akamtazama Kezia.

"Uliandika hii kabla hujazaliwa?"

"Nilikuwa na haraka, baba."

Afisa aliona jibu hilo linatosha. Akapiga namba ya simu ya mkononi iliyoandikwa chini ya barua, akahakikisha simu inaita kwenye mkoba wa Kezia, akaidhinisha uhamisho.

Philomena alikuwa wa mwisho kujua. Aliambiwa na Mzee Waitara mwenyewe, aliyemletea jogoo wa shukrani. Akavaa miwani, akaitazama kona ya kulia ya barua iliyokuwa inatoka kwenye printa. Tarehe mosi Januari 1980. Akakaa chini.

"Nimekuwa mwongo tangu lini?" akauliza.

Akamwita Saadi, fundi saa wa pale sokoni. Saadi akafungua mashine, akatoa betri ndogo kama kifungo cha koti.

"Hii ndiyo inayokumbuka siku mashine ikilala," akasema. "Imekufa. Mashine za aina hii zikipotewa zinarudi 1980."

"Kwa nini 1980?"

"Ilibidi waanzie mahali."

Wateja waliokuwa kwenye foleni walisogea karibu. Mzee Waitara akanyoosha fimbo kuizuia njia ya Saadi.

"Mwanangu, iache mashine ilivyo. Inaumwa wapi? Mbona inakumbuka vizuri tu."

Philomena akavua miwani. Kisha akasema, "Weka betri mpya." Ilipofika Ijumaa foleni ilikuwa imekwisha.

Ila kule ofisini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Kornelio, akihofia kuna barua nyingine za zamani zilizojificha, alifungua makabati yote, na akazikuta. Gunia zima, za kweli kabisa, za mwaka 1980 na 1981. Akaanza kuzijibu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Majibu yakawa yanafika kwenye maboma ambako wenyewe walikuwa wamekwisha kufa.

Moja lilikuwa la baba yake Philomena. Ombi lake la mbegu za pamba lilikuwa limekubaliwa, ucheleweshaji mdogo usamehewe, afike mwenyewe na mfuko.

Philomena akaenda.

"Mwenyewe yuko wapi?" Kornelio akauliza.

"Nyuma ya nyumba. Tulimzika mwaka 2003."

Kornelio akazungusha kalamu. "Ana kitambulisho?"

"Alikuwa na kadi ya ushirika."

"Basi lete hiyo."

Akaileta, akapewa kilo kumi. Kwenye daftari, safu ya maelezo, Kornelio akaandika kwamba mwombaji ametuma binti yake. Philomena alilisoma neno hilo mara mbili na hakuona kosa ndani yake.

Hakuwahi kulima pamba. Mvua zilipofika katikati alifunga kibanda siku mbili, akaenda Nyansurura akapanda mbegu zote kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba, kuzunguka kaburi. Ziliota kama nusu hivi. Jirani mmoja alimwambia amechelewa sana kupanda, na Philomena akamjibu kwamba ofisi imekwisha kuomba radhi kwa hilo.