Mtoto Hakai Tena Kwenye Tenki

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu lilikuwa mke wangu kumzuia binti yetu kwenda sokoni peke yake. "Bado mdogo," alisema, akabeba kikapu mwenyewe. Wiki ile alifariki. Binti sasa yuko sekondari, na sokoni bado namsindikiza.

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya kata, Ilembo. Mbele yangu wazazi wawili walioachana walikuwa wakirekebisha makubaliano yao ya kulea mtoto. Ofisa ustawi wa jamii akasoma ya zamani: baba atatoka Katumba kila Jumamosi kumchukua kwa pikipiki, na atamkalisha mbele, kwenye tenki.

"Leo ukimkalisha kwenye tenki, baba watoto, barabara utaionea wapi?" mama akauliza.

Baba alicheka, kisha akavua kofia na kuikunja. "Hilo sawa. Lakini hili pendekezo lako, kwamba mtoto aje kwangu Jumamosi anayotaka mwenyewe? Asipotaka je?"

"Atataka. Kwangu hakuna wa kumchekesha."

Baba akatazama kofia yake. "Haya, andika," akamwambia ofisa.

Watu huwahurumia walioachana. Mimi niliwaonea wivu, maana kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba mtoto amekua. Katazo la mke wangu nimelitunza kama alivyoliacha, kwa kuwa sina wa kukaa naye tulibadilishe.

Asubuhi iliyofuata nilimpa binti kikapu.

"Twende?" akauliza.

"Nenda," nikamwambia, nikasimama mlangoni mpaka alipokata kona.