Ufunguo wa Chemchemi Yetu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mtoto wa dada yangu alipata kazi Homa Bay, kwa mradi wa maji. Aliandaa katalogi ya chemchemi zetu ndani ya kompyuta: mahali ilipo kila moja, kina chake, mtunzaji wake. Mradi ungejenga ukuta wa saruji na lango, na ufunguo apewe mtunzaji aliyeandikwa.

Yetu tuliichimba sisi wanawake. Nawakumbuka wote kwa majina, hata walioleta uji tu. Hapa nitawaita kwa jina la kwao, kama tunavyoita mke aliyeolewa kwetu: nyar Sindo, nyar Kisegi, yaani binti wa huko.

Siku moja nilimpelekea mtoto huyo omena, dagaa wa ziwani, ofisini kwake, akanivutia kiti.

"Mama, nisaidie kuchagua."

Alikuwa na programu mbili za kuandikia XML. Hiyo XML, alinieleza, hufunga kila habari kati ya alama mbili, ndipo kompyuta ijue hili ni jina, hili ni mahali. Programu ya kwanza ilimeza chochote. Nikamwambia aandike "mbuzi" penye kina cha maji. Ikakubali! Tulicheka mpaka machozi. Ya pili ilishika kanuni za katalogi: kuona mbuzi tu, ikapiga mstari mwekundu, ikakataa.

"Chukua hii," nikasema. "Hii haihongeki."

Tukaanza na chemchemi yetu. Mahali, sawa. Kina, sawa. Kwa mtunzaji akaandika nyar Sindo, mwenyekiti wa kikundi chetu. Wekundu.

"Jaribu nyar Kisegi."

Wekundu tena.

"Inataka mwenye shamba, Mama. Ni mashine, nitafanyaje?"

Mwenye shamba ni shemeji yangu, ambaye hakushika jembe pale hata mara moja. Lakini mbuzi nilikuwa nimemwona akikataliwa. Nikaamini.

Lango likaja, ufunguo ukaenda kwa shemeji. Akawa analala mpaka jua kali, sisi tumesimama na mitungi.

"Si mwanao ndiye aliandika?" nyar Kisegi akaniambia. "Mwambie basi atuletee maji na kompyuta."

Nikarudi ofisini. Mtoto wetu alikuwa ametoka. Msichana wa kuingiza habari akanifungulia kompyuta.

"Dani," akaniita, yaani nyanya kwa lugha yetu, "programu haijui shamba wala jembe. Inafuata kanuni tuliyoipa. Hii ya mtunzaji aliiandika mwanao mwenyewe: mwenye shamba peke yake. Angetaka kuongeza kikundi, ni mstari mmoja tu."

Nilimngoja mlangoni. Aliponiona na kompyuta iko wazi, alijua nimeshaambiwa.

"Mama, shemeji yako ndiye alinitafutia hii kazi."

"Ungesema hivyo. Kwa nini ulinikalisha kwa kiti ukanionyesha wekundu?"

Akashika funguo zake za mezani, akaziweka tena.

Alipooa nilimpikia, kama mama anavyopaswa. Maji nilichota ziwani, si kwenye chemchemi yetu.