Doa Linalojirudia kwenye Jora la Sugni

Saa moja asubuhi, mjini Bagru, karibu na Jaipur. Sugni Darji amepiga magoti juu ya jora la pamba alilolitandaza sakafuni, pua yake karibu iguse kitambaa. Mkasi uko pembeni. Hajakata.

"Doa hili hapa," anasema, kidole kwenye tone la rangi nyekundu kando ya jani lililochapwa. Anasogea kidogo. "Na hili, jani lilelile. Na lile kule. Mkono gani wa binadamu unadondosha rangi palepale kila mara?"

Sugni, mwenye miaka arobaini na sita, hubuni na kushona sketi pana za marinda kwa vitambaa vilivyopigwa chapa za mbao kwa mkono. Kila sketi humwachia kama rupia mia tatu. Duka la Jaipur linalozinunua halitaki kitambaa kingine. Jirani yake alipeleka nguo za kitambaa cha fremu, kile kinachochapwa haraka kwa wavu, na hadi leo hawajampokea tena.

Ndiyo maana Sugni humshuku kila mtu. Hunusa kitambaa, hukigeuza, hutafuta pale chapa moja inapokutana na nyingine.

"Kisicho na kosa nakiogopa," anasema. "Lakini kosa linalojirudia ni baya zaidi. Hapo mtu amenidhamiria."

Safari hii anayeshukiwa ni mchapaji wake, mzee Ghisalal Chhipa, aliyemchapia hata mtandio wake wa harusi. Sugni anakunja jora, analibeba hadi uani kwa mzee.

"Mwanangu, mbona mzigo? Unahama?"

"Nahamia kwako, baba mdogo. Hiki umekichapa wewe?"

"Sasa nani? Jini?"

"Basi nichapie kidogo nione."

Mzee anacheka. Anasema rangi haijaiva. Sugni anafunua pipa, imeiva. Anasema meza inayumba. Sugni anaitikisa, imetulia.

"Siku hizi umekuwa askari?"

Mkewe, Dhapu, anayechambua dengu mlangoni, anashindwa kuvumilia. "Si umwambie mtoto wa watu! Mkono wenyewe hata bakuli la mchuzi unalimwaga, tangu msimu wa baridi uliopita."

Ghisalal anasogea mezani. Anachovya chapa, anaigonga kwenye kitambaa. Ya kwanza inakaa sawa. Ya pili inakwenda upande, jani linapanda juu ya jani. Anauficha mkono ndani ya shali.

"Ningekuletea takataka hii ungenicheka," anasema. "Nikanunua cha fremu."

"Kukucheka ningekucheka. Lakini ningekata."

Sugni hatabasamu. Anainama, anakunja kitambaa kwa vidole hadi pale palipopinda pamezama ndani ya rinda. Juu linabaki jani moja, zima.

"Nichapie hivihivi," anasema. "Nitakata vipande vyembamba, palipopinda paingie kwenye mishono. Sketi yenye mishono mingi, Jaipur hawajaiona."

Anataka sketi hizo zifike dukani kabla ya Teej, sikukuu ya wanawake. Jora la fremu analiacha uani.

"Na kila ukichapa nitakuwepo," anamwambia mzee. "Usidhani nimekuamini."

"Njoo. Ila chai uje nayo."

Dhapu anasukuma kigoda hadi mezani. Sugni anakivuta upande wa kulia, ambako mkono wa mzee unaonekana vizuri, na kukaa.