Mwanasheria wa Shamba la Ngano

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi asubuhi moja baada ya mavuno, nami nililisoma nikiwa na ndoo mkononi. Nilikuwa mpishi na mfanya usafi katika nyumba ya wageni ya shamba, mojawapo ya yale mashamba makubwa ya ngano ya serikali kwenye tambarare za Hanang. Walikuwa wanatafuta mwanasheria. Shule niliiacha darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, lakini kusoma najua, na tangazo lile nililisoma tena na tena, kwa sababu mdogo wangu wa kiume alikuwa karibu kumaliza sheria chuo kikuu, Dar es Salaam.

Tangu aende sekondari ya bweni nilikuwa nampata likizo tu, kama mtu anayeazimwa kitu chake mwenyewe. Akifika, siku mbili za kwanza namtazama anavyokula. Siku zinazobaki nazitumia kuogopa siku ya basi. Sasa hapa palikuwa na kazi yake, mwendo mfupi kutoka jiko langu.

Alipokuja likizo nilimpa habari kabla hajavua viatu.

"Nyumba ya mwanasheria ina bati, na bomba liko mlangoni," nilimwambia.

"Dada, umeshanihamishia?"

"Madirisha nimeshayapima mapazia."

Alicheka, halafu akaanza kuuliza maswali. Zamani serikali ndiyo iliyokuwa inawapangia wahitimu kazi, lakini miaka ile mpango huo ulikuwa umelegea na kila mmoja alianza kujitafutia. Alinieleza wanavyofanya. Walisoma gazeti moja watu kumi, wakigombania ukurasa wa nafasi za kazi. Siku isiyo na kipindi walikwenda kukaa viti vya nyuma mahakamani, kuwaangalia mawakili wa kila ofisi: nani amejiandaa, nani anapiga kelele tu. Waliwauliza waliowatangulia ni bosi gani anasomesha vijana wake na ni yupi anawatuma chai.

"Na swali la kwanza kabisa," alisema, "aliyekuwepo kabla yangu ameondoka kwa nini?"

"Hiyo mbona ni posa," nilimwambia. Kwetu, kabla binti hajaolewa, shangazi hupita kimyakimya kuulizia ile nyumba anayokwenda: wana hasira, wanapiga, wale wake wengine walikimbia nini. "Kumbe wanawapeleka chuo kikuu mkajifunze kazi ya shangazi!"

"Basi kuwa shangazi yangu. Kaniulizie."

Nikaulizia. Nilianza na dereva aliyekuwa anampeleka mwanasheria mahakamani, maana alipenda chapati zangu na mdomo wake haukuwa mzito. Alisema yule bwana aliomba uhamisho mwenyewe. Wafugaji walikuwa wameshtaki shamba kwa kuchukua ardhi yao, na kazi yake kubwa ilikuwa kesi hiyo.

"Hakuwa mtu mbaya," dereva alisema. "Lakini tukitoka Arusha kwenye kesi, mpaka Babati haongei. Mimi naimba, yeye haongei."

"Labda ni kuimba kwako."

"Dada, naimba vizuri!" Halafu akapunguza sauti. "Mmoja wa walioshtaki si yule mzee jirani yenu wa kijijini Gendabi?"

Chapati iliungua.

Mzee huyo, mfugaji, ndiye aliyetupa ng'ombe wa maziwa tulipobaki yatima. Ulikuwa utaratibu wa watu wa huku: ng'ombe anakaa kwako, maziwa ni yako, ndama ni wa mwenyewe. Mdogo wangu alikua kwa maziwa hayo, na ndiye aliyekuwa anamchunga, kwenye mbuga ambayo baadaye ilikuja kuwa ngano mpaka jicho linapoishia. Katikati ya mbuga ile palikuwa na kaburi la baba wa mzee huyo, tuta kubwa la udongo lililofanana na kichuguu, ambalo ukoo wao ulilijenga kwa miezi mingi, kama wanavyomfanyia mtu mwenye heshima. Watoto tulifundishwa kulizunguka tunapopita na ng'ombe. Baadaye trekta lililima pale pale.

Nilipomweleza mdogo wangu, alisema, "Twende tukamsalimie."

Tulimkuta mzee ameketi nje ya boma lake, anachonga mpini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyu ndiye mwanasheria? Mbona amekonda hivi? Huko mnakula karatasi?"

Mdogo wangu alimwambia kuna kazi shambani, na kwamba anafikiria kuiomba. Nilitegemea mzee atakunja uso. Badala yake alitupa ule mpini chini na kupiga makofi.

"Basi imekwisha! Wale wanasema mahakamani hapakuwa na kaburi, palikuwa na majani tu. Wewe umeliona. Umelizunguka na ng'ombe wangu. Utawaambia."

"Baba, mwanasheria wa shamba anasemea shamba."

"Asemee. Lakini si umeliona?"

"Nimeliona."

"Haya."

"Ila wao ndio watakaonilipa, baba."

"Sisi tukikaa mkutano, mwenye boma anatupa pombe. Tunakunywa. Halafu kila mtu anasimama anasema alichokiona, hata kama kinamwumiza mwenye pombe." Alinigeukia, anacheka. "Binti yangu, huyu mtoto wamemfundisha kuogopa."

Hakukuwa na namna ya kumweleza. Katika mikutano yao, wanaume wakiketi kwenye nyasi kutwa nzima, hakuna mtu anayekodishwa mdomo. Alimwita mke wake alete maziwa, akawaambia wajukuu kwamba sasa wana mtu wao ndani ya shamba. Mdogo wangu alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa bila kuinua macho.

Kurudi, tulipita kando ya mabua ya ngano iliyovunwa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nikiipata, siku moja nitasimama mbele ya mzee niseme hapakuwa na kaburi."

"Usiposema wewe, atakuja mwingine atasema."

"Atakuja, ndiyo."

Tulitembea. Nilitaka aseme zaidi, anibishie, ili nami nipate la kusema.

"Dada," alisema, "ukiniambia nikae, nitaomba. Sitakulaumu kamwe. Niambie tu."

Najua angefanya hivyo. Tangu utotoni alikuwa akifanya nilichomwambia. Niliyaona maisha hayo yote: anakuja kula kwangu jioni, watoto wake wanaingia na kutoka jikoni bila kubisha hodi. Halafu nikamwona akirudi nyumbani kwa njia ya kuzungukia kijiji cha Dirma, kila siku, ili asipite mbele ya boma la yule mzee.

"Nataka ukae," nilimwambia. "Lakini kazi hii usiiombe. Tafuta kwingine."

Alinishika mkono tukavuka barabara, kama nilivyokuwa namshika yeye zamani.

Alipata kazi Tabora, kwenye ofisi ambayo aliulizia mwenyewe mpaka akaridhika. Mimi sikuwa najua Tabora iko wapi. Katika sebule ya nyumba ya wageni palikuwa na ramani ya nchi ukutani, na siku moja nilimwomba dereva anionyeshe. Alinionyesha, akaenda zake. Niliweka kidole gumba juu ya Hanang na kunyoosha vidole mpaka Tabora. Ilikuwa nusu shubiri tu, tena mkono wangu si mkubwa. Nilisimama hivyo, mkono ukutani, mpaka niliposikia gari la wageni linaingia.