Safari ya Masama Kabla ya Kuvaa Jezi ya Taifa

Ninyi wa Uvira mmeniuliza sana mwezi huu, wengine kwa upole na wengine kwa matusi, kama ni kweli nimekubali kuichezea Tanzania. Nimeona niwasimulie safari moja, fupi tu, ya kutoka Moshi mjini kupanda Masama, maana huko ndiko jibu langu lilikokomaa. Mnajua nilivuka ziwa nikiwa binti, nikasoma Kigoma, nikaja Moshi kucheza mpira, nikaolewa na Elibariki, nikachukua uraia wa hapa na kuuacha wa huko. Kongo hawakuwahi kuniita hata kwenye mazoezi. Alhamisi moja kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania akanipigia simu. Alihitaji beki wa kushoto, kambi ilikuwa karibu kuanza, nimpe jibu kabla ya Jumatatu.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Mwenye neno alikuwa baba mkwe. Jioni ile Elibariki alimpigia kumpa habari njema, simu iko sauti ya juu, nikasikia kwa masikio yangu: "Timu ya taifa ni kama kihamba, mwanangu. Kihamba hakipewi mgeni." Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa na makaburi ya mababu. Mchaga akikutajia kihamba ujue hatanii. Nilikasirika, siwafichi. Nimeishi na watu hawa, nimepika kwenye misiba yao, halafu naitwa mgeni kwenye simu!

Njoro, Ijumaa asubuhi. Tunapanga chumba Njoro, hapa Moshi mjini, na siku hiyo Elibariki alikuwa anaondoka kupeleka watalii mlimani, ambako simu inashika kwa bahati. Akaniomba nimsubiri ashuke, twende wote kwa baba yake.

"Jumatatu haitakusubiri," nikamwambia. "Na aliyeitwa mgeni ni mimi."

"Basi usigombane naye."

"Sigombani. Naenda kucheza ugenini, hiyo kazi naijua."

Akacheka, akabeba begi lake, tukaagana mlangoni.

Kwa Sadala, kabla ya mchana. Hapa ndipo unapoiacha barabara ya Arusha na kuanza kupanda Masama. Siku za soko akina mama hushusha ndizi kutoka juu, na wa tambarare huja na mahindi na maharage. Ukweni hakuendwi mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua sukari, mikate na sabuni. Mama mmoja muuza ndizi alinisikia nikiongea, akainua shingo.

"Lafudhi hiyo si ya huku, dada. Wewe wa wapi?"

"Wa Masama."

"Masama ipi hiyo, mwanangu? Ile ya Bujumbura?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ingawa kwa siku ile utani ule ulinichoma. Nikapanda pikipiki na mizigo yangu.

Masama, mchana. Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyokuingia kwenye mikono ya sweta. Migomba inafunika nyumba, chini yake kahawa, na ng'ombe wanalishwa bandani kwa majani yaliyokatwa mbali. Nilimkuta mama mkwe akishusha mzigo wa majani kichwani. Akanikumbatia na majani yake yote, akanipeleka jikoni kwenye mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama ambao mzazi hunyweshwa na mgeni hushibishwa. Baba mkwe alikuwa amekaa mlangoni, goti la kulia limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Furaha. Habari za mjini?"

"Nzuri. Nimekuja kwa ajili ya lile neno la kihamba."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama goti lake. "Neno hilo litasubiri. Kesho kuna msaragambo wa mfongo, na nyumba hii haina mtu."

Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kuyatoa maji mtoni hadi kwenye migomba. Kila ukianza msimu wa kiangazi wanaume wa kila nyumba wanausafisha pamoja, na kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji, hata kama mwenye nyumba ni mgonjwa, hata kama aliuchimba babu yake. Elibariki yuko mlimani, mzee hawezi kuinama. Usiku ule sikumsukuma.

Kwenye mfongo, Jumamosi asubuhi. Nilivaa buti za mama mkwe, nikachukua jembe nyuma ya banda, nikaondoka. Baba mkwe alinifuata na fimbo yake, akiniita nirudi. Sikurudi. Wanaume walikuwa wameshapangana kando ya mfereji, na mwenyekiti wa mfongo alikuwa akiita nyumba moja moja. Ilipofika yetu, nikaitika mimi.

Ikazuka minong'ono ya Kichaga. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuujibu.

"Mke wa Elibariki, tunashukuru. Lakini kazi hii ni ya wanaume wa hapa. Wewe ni mgeni wetu, mgeni huandaliwa chai."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamjibu. "Mimi hii ni ya pili, nimewahi tu."

Watu wakacheka, ila mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia baba mkwe aliyekuwa anafika akihema. "Mzee, tufanyeje? Nyumba yako tuiruke?"

Baba mkwe alisimama akiegemea fimbo. Angeweza kusema niende nyumbani, na migomba yake ikauke kwa heshima ya desturi. Akatazama maji kidogo yaliyokuwa yanapita kwenye tope. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Huyo si mgeni. Huyo ndiye nyumba yangu leo. Mpeni sehemu yake."

Wakanipa sehemu yangu, penye mizizi mingi kuliko zote, nikaimaliza. Miguu ya beki haichoki upesi, mikono ndiyo iliyotoka malengelenge. Nilifurahi vibaya sana. Nilifurahi mpaka tulipokuwa tunarudi, ndipo hasira ikaniingia upya. Amenitetea kwa sababu ya maji. Kwa jezi je?

Jioni, sebuleni. Nilisubiri amalize kula.

"Baba, leo umesimama mbele ya watu ukasema mimi ni nyumba yako. Kwenye mpira kwa nini niwe mgeni?"

"Mwanangu, damu ni nzito kuliko maji."

"Mbona leo tulikuwa tunatafuta maji?"

Mama mkwe akacheka hadi akaweka bakuli chini. Baba mkwe hakucheka. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Upendo, binti wa mdogo wake, naye ni beki wa kushoto. Aliitwa kambini mara iliyopita, na safari hii ameachwa.

"Yuko ng'ambo ya mgomba huo, analia tangu Alhamisi. Nikufurahie wewe, nimwambie nini mtoto tuliyemzaa?"

Nilikuwa nimejiandaa na majibu ya kila namna, ya sheria na ya uraia, si ya mtoto anayelia. Niliona haya. Nikamwomba amwite.

Upendo alikuja amejifunga khanga mabegani, macho mekundu. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Nikikataa, watakuita wewe?"

"Hawataniita. Kocha aliniambia krosi zangu hazifiki. Watamwita mwingine."

"Na wewe unataka nikatae?"

Akamtazama baba yake mkubwa. "Ninakuheshimu, baba mkubwa, lakini usinililie mbele za watu. Sitaki kuachiwa nafasi. Nikirudi kambini nirudi kwa kuwa nimemtoa huyu." Akanigeukia. "Na nitakutoa, dada."

"Njoo," nikamwambia. "Ukinishinda nitakaa benchi. Krosi nitakufundisha mwenyewe, sitaki unishinde kwa bahati."

Ndipo akatabasamu, kwa shida. Baba mkwe alitutazama sote wawili kama mtu aliyepigwa chenga nyumbani kwake.

"Mimi sijabadili mawazo yote," akasema. "Timu ikijazwa watu waliokomaa nje, watoto wetu wataacha kufanya mazoezi, maana watajua kuna njia ya mkato. Hilo nitalisema hata kanisani. Lakini wewe, Furaha, nenda."

Na kwa kweli hapo sikuona alipokosea. Kuna nchi zinanunua mchezaji leo na kumsahau kesho, naye anazisahau. Mimi sikuja na mkoba wa kuondokea, nilikuja kukaa.

Jumapili, njiani kushuka. Baada ya ibada alinisindikiza hadi barabarani, goti na fimbo, akikataa kuambiwa arudi. Nilimpigia kocha mbele yake: "Nakuja." Nilipokata simu, mzee alikuwa na swali moja lililobaki.

"Siku tukicheza na kwenu, Kongo, utafanyaje?"

"Nitakaba. Nikipata nafasi nitafunga. Kisha nitalia. Lakini nitafunga kwanza."

Alinishika mkono wenye malengelenge akaukandamiza bila kujua, nikauma meno. "Aika," akasema, ndiyo asante yao, akageuka kurudi.

Nilichojifunza Masama ni hiki. Mahali ulipozaliwa hakuna anayekuuliza kama unapataka. Mahali unapokwenda kuishi unaulizwa kila siku, na ni lazima ujibu kwa kazi, mbele ya watu, na hata ukijibu vizuri yupo mwenye haki ya kuumia. Naenda kambini nikijua hivyo, na siombi radhi kwa kwenda.

Nanyi wa Uvira, nawapenda, mama yangu amelala kwenye udongo wenu. Siku hiyo ya mechi ikifika, nikaja upande wenu na mpira mguuni, msininyamazie kwa kunionea huruma. Nizomeeni kwa nguvu zote, kama mnavyomzomea Mtanzania yeyote.